Salamu Kwanza, Tembo Baadaye

Zimeni injini kwanza. Mimi siwezi kuongea na dereva huku injini inanguruma, ni sawa na kuongea na mtu anayetafuna mhogo mbichi. Haya. Sasa tunasikilizana.

Naitwa Bakari, ila nyie vijana mnaoingia kwenye kazi hii ya kutembeza wageni porini mtasikia naitwa Bakari Salamu. Jina hilo sikupewa na wazazi. Nililiokota barabarani, na nitawaambia nililiokota wapi. Nimeendesha kwenye nyika ya Umba mpaka magoti yangu yakaanza kulia kuliko springi za gari, ndipo nikakabidhi ufunguo. Shule niliiacha katikati ya hesabu za kugawanya. Mwalimu alikuwa ameshaandika swali ubaoni. Jibu silijui mpaka leo. Kwa hiyo msinitazamie mambo ya vitabuni. Ninalotaka kuwapa ni habari ya Bi Mwanahamisi wa Raskazone, aliyekuwa anapoteza macho, akaapa hayatazimika kabla hajamwona tembo usoni. Lakini njia ya kufika kwake ina kona, na kona za porini haziendwi mbio.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hoza, Mbondei wa Muheza, mfupi kiasi kwamba akikaa kwenye usukani ungedhani gari linakwenda lenyewe. Siku aliyoniachia niendeshe, tulifika pale vichaka vinapokwisha na majani yanafunguka mpaka chini ya milima. Akaniambia, "Simama. Piga hodi."

Nikapiga honi.

Mzee Hoza akafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Nyie Wadigo," akasema, "kwenu mtu akifika mlangoni anapuliza tarumbeta?"

Hodi yake ilikuwa hivi. Kabla hujatokeza kwenye uwanda wowote, unasimama ukiwa bado ndani ya kichaka, unazima injini, unakaa kimya. Mwanzoni husikii kitu, kwa sababu kila mwenye masikio ameshakusikia wewe na amenyamaza. Subiri. Ndege wa kwanza akirudia wimbo wake, huyo ndiye amesema karibu. Wakiwa wawili watatu wanabishana, ingia. "Ukiingia kabla ya karibu," alikuwa akisema, "utakuta nyumba tupu, na mikia inatokea mlango wa uani."

Mengine alinifundisha kwa kunicheka. Porini humtafuti mnyama. Unatafuta kitu kilichokosea. Miti yote imesimama, kuna mstari umelala: huo ni mgongo. Hakuna upepo, jani moja linapepea: hilo ni sikio. Na udongo wa kule ni mwekundu, tembo akishajipaka anakuwa kichuguu. Kichuguu chenye mkia si kichuguu. Jua liweke mgongoni mwako siku zote, ukiliweka usoni utawaonyesha wageni vivuli. Ukiona migunga mifupi imejaa manundu, punguza mwendo, chini yake pana ule udongo mweusi; ukiwa mkavu unapasuka kama mkate, ukinyeshewa unakushika mguu kama mdai. Mimi ulinishika na watalii wanne ndani. Tukasukuma. Mmoja alikuja na suruali nyeupe kutoka kwao, akarudi kwao na suruali nyingine.

Macho yangu nayo yalichukua muda kufunguka. Wageni wangu wa kwanza niliwaonyesha chui amelala juu ya mti, wakampiga picha mpaka betri zikalia. Mzee Hoza akanivuta pembeni. "Bakari, ule ni mzinga wa nyuki. Halafu hata langoni hatujafika."

Sasa nije kwenye jina.

Sisi watu wa pwani hatuanzi na haja. Haja inakaa nyuma ya salamu, kama kitoweo kinavyokaa chini ya wali. Basi porini magari mawili yakikutana, mnasimama dirisha kwa dirisha. Mwenzako anatoka mbele, wewe ndiyo unakwenda. Unachotaka kujua ni kimoja tu: huko mbele kuna nini? Lakini utaanzaje?

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Za toka jana?"

"Salama. Watoto?"

"Wazima. Mama mgongo umepoa?"

"Unapoa, alhamdulillahi. Na yule mjomba wenu wa Pongwe aliyeanguka mnazi?"

"Anatembea na fimbo."

"Mungu mkubwa. Na huko mbele?"

"Aa, huko mbele kuna chui yuko chini kabisa, peupe kama barazani, anakula swala. Au niseme alikuwepo."

Tulifika tukakuta damu na nzi. Mgeni wangu mmoja, aliyekuwa anakijua Kiswahili kidogo, akauliza, "Huyu mjomba wa Pongwe, amepona?" Nikajua amenielewa vibaya sana au vizuri sana. Tangu siku ile madereva wenzangu wakaniita Bakari Salamu, kana kwamba wao walikuwa hawasalimii. Chui tulimpoteza wote. Jina nikabeba mimi.

Nilijaribu kujirekebisha. Nikakutana na mwenzangu, nikateremsha kioo nikamwuliza palepale, "Simba wako wapi?" Bila hujambo, bila nini. Mwenzangu akazima gari, akashuka, akaja akanishika mkono kwa mikono miwili. "Bakari," akasema, "nani amefariki?" Nikaacha. Kuna ugonjwa ukiutibu unaleta mwingine.

Halafu zikaja simu. Siku hizi mna makundi yenu, mtu akimwona twiga anamtupa kwenye simu, na kabla twiga hajameza jani amezungukwa na magari. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe niliingizwa kwenye kundi, ingawa kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu wote waalaikum salaam mmoja mmoja, mpaka wakaniomba niache.

Ni wakati huo ndipo Zuhura, binti wa Bi Mwanahamisi, alipokuja kwangu. Ni mwalimu wa sekondari, ana saa mkononi na nyingine kwenye simu, na zote anaziangalia.

"Shikamoo mjomba. Ni mama. Ana presha ya macho. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Anataka kumwona tembo."

"Marahaba. Mama hajambo lakini?"

"Mjomba, nimeshakwambia anapofuka."

"Nimesikia, mwanangu. Nauliza hali yake nyingine."

Nikaenda Raskazone kumwona. Bi Mwanahamisi alikuwa amekaa kibarazani, kichwa amekiinamisha pembeni kama kuku anayemtazama mwewe. Alikuwa ananitafuta. Akaniambia anaona kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na kila mwezi kuna mtu anakuja kulibana lile tundu.

"Mimi ni wa Daluni," akasema. "Wewe Daluni unaijua? Sisi tumelima pale, na tembo wamevuna. Usiku wazee wanatoka na madebe na mienge, sisi watoto tunafungiwa ndani chini ya kitanda. Namsikia anavunja mahindi, kwa! kwa! Asubuhi naona nyayo zimejaa maji, kubwa kama sinia. Mwaka mmoja walimaliza shamba zima, nami nikaambiwa shule basi. Ada yangu imepita tumboni mwake, Bakari. Nimemlisha utoto wangu wote na uso wake siujui. Kwenye televisheni simtaki, yule si wa kwetu. Nataka anikalie hapa mbele nimwambie maneno yake."

"Pole, bi mkubwa. Hata mimi shule sikumaliza."

"Ya kwako nani aliila?"

"Uvivu, bi mkubwa."

"Basi afadhali yangu. Wangu anaonekana."

Nikamwambia Zuhura, huyu nampeleka. Na moyoni nikasema, Bakari, wageni wote uliowahi kuwabeba walikuwa na macho na hawakujua wanatafuta nini. Huyu anajua. Hapa lazima kieleweke.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Mabokweni, kisha barabara ya vumbi mpaka Maramba, tukanywa chai na maandazi, Bi Mwanahamisi akakataa kushuka. "Nitashuka nikirudi, nikiwa na habari." Daluni tukaipita, akaniambia nipunguze mwendo, akakiweka kile kitundu chake cha jicho kwenye dirisha. Langoni wakatupokea vizuri. Nyika ilikuwa imekauka, majani rangi ya simba, na milima ya Usambara nyuma yetu buluu tupu.

Simu ikalia. Tembo, kundi, uwanda wa kaskazini. Nikakanyaga mafuta. Sikupiga hodi, nawaambia kweli, maana ukishaitwa na simu unajiona umeshakaribishwa. Tulipofika magari yalikuwa yamejipanga kama yanasubiri mafuta. Tembo walikuwa kule ng'ambo, wekundu, wadogo kama kunde zilizomwagika. Wageni wa magari mengine wana darubini, wanafurahi. Rama, kijana wetu mmoja mwenye miwani ya jua, akanipigia kelele, "Bakari Salamu! Umeshawasalimia?"

"Nasubiri wewe unyamaze," nikamwambia.

Bi Mwanahamisi alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Nilimwelekeza kwa kidole. Kidole chenyewe hakukiona. Tukampa darubini, ikawa kitundu ndani ya kitundu. Gari moja likasogea ili lione vizuri, la pili likalifuata, na tembo wakageuka wakaingia kichakani, wa mwisho akitutingishia mkia.

Zuhura akamshika mama yake bega. "Mama, si umewaona hata kidogo? Turudi sasa, jua linapanda, jicho litakuuma."

"Nani kawaona? Wewe ndiye uliyewaona. Mimi nimeona vumbi, na vumbi lipo hata Raskazone."

"Jicho, mama."

"Liume. Hata nikilala linauma. Bakari, washa gari."

Tukazunguka. Tuliona pundamilia, tukaona ngiri na watoto wake wakikimbia mikia juu, tukaona choroa amesimama kichakani na pembe zake ndefu kama amebeba miti ya kuanikia nguo. Kila nilipotaja mnyama Bi Mwanahamisi alijibu, "Huyo sina kesi naye." Zuhura akaanza kuangalia saa zote mbili. Simu ikawa kimya. Nami nilijua jambo moja: yule mama hatarudi tena. Kitundu kile hakikuwa na mwezi mwingine wa kuchezea.

Ndipo mbele yetu ikatokea pikipiki inakuja taratibu, mipira ya maji imefungwa nyuma. Alikuwa Hassani Fundi Bomba, anayetunza bomba la maji linalotoka milimani na kupita ukingo wa hifadhi kwenda kijijini. Nikasimama. Akasimama.

"Mjomba muulize tembo," Zuhura akaninong'oneza. "Moja kwa moja. Tafadhali."

Nikafungua mdomo nimwulize. Wallahi nilikuwa namwuliza. Lakini nyuma yangu Bi Mwanahamisi akawahi.

"Nani huyo? Ni mtu? Hujambo mwanangu?"

"Sijambo bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa hapa Daluni, bibi."

"Daluni! Wa kwa nani?"

Zuhura akaweka kichwa juu ya kiti cha mbele, akakiacha hapo. Ikatajwa mitaa, ukatajwa msikiti, yakatajwa mashamba ya bondeni. Ikaonekana bibi yake Hassani na Bi Mwanahamisi walilala chini ya kitanda kimoja usiku wa tembo. Nami nikaingia na zangu.

"Hassani, mama watoto hajambo?"

"Amejifungua, kaka. Jana."

"Alhamdulillahi! Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Hongera! Mama na mtoto wazima?"

"Wazima. Ila nimechelewa kwenda kuwaona, ndiyo natoka kazini sasa hivi."

"Kazi gani tena na mtoto wa jana? Si ungeomba ruhusa?"

"Ningeomba kwa nani, kaka, wakati tembo ameshanivunjia bomba pale korongoni? Nimekwenda kuziba, nimemkuta mwenyewe bado amesimama anakunywa. Dume zee, pembe moja. Nimemngoja aondoke, hana haraka. Nikaona niende kwanza kwa mwanangu."

Zuhura akainua kichwa.

Nami nawauliza nyie mnaonisikiliza: ningeanza na tembo, Hassani angenijibu nini? Angesema hajaona. Kwake yeye hakumwona tembo, aliona bomba limevunjika. Na bomba lilikuwa limekaa nyuma ya mtoto.

Korongo lile nalijua. Njia inashuka kwenye kichaka halafu inatokeza kwenye majani, bomba likiwa chini. Nilisimama juu, ndani ya kichaka, nikazima injini.

"Tunasubiri nini?" Zuhura akauliza.

"Karibu," nikasema.

Kimya. Chuma cha gari kinapoa, tik, tik. Bi Mwanahamisi ametulia kuliko sisi. Ndege mmoja akajaribu sauti. Mwingine akambishia. Nikaachia breki bila kuwasha, usukani wangu ulikuwa wa kizamani, hauombi ruhusa kwa injini, na gari likateremka polepole kama mtu anayeingia msikitini swala imeshaanza. Nikalipinda jua lije mgongoni, pua ya gari nikaielekeza njia ya kutokea. Hilo msilisahau hata siku moja: mbele ya tembo unaegesha kama mtu anayeondoka.

Hatukumsogelea. Yeye ndiye aliyesogea. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye ufa kuja upande wetu, naye akayafuata, mguu baada ya mguu. Alikuja karibu kuliko ninavyoruhusu mimi. Zuhura akalishika shati langu kwa nyuma akalikunja ngumini.

"Bakari," Bi Mwanahamisi akanong'ona, amekasirika, "umeniweka mbele ya ukuta."

"Ndiye mwenyewe, bi mkubwa."

Kitundu chake kilikuwa kimejaa ngozi nyekundu, basi. Tembo mzima hakuingia mle. Nikaona tumeshindwa tena, safari hii kwa ukaribu. Halafu ikanijia. Bakari, wewe ni dereva. Endesha.

"Bi mkubwa, nitakuendesha jicho. Nifuate taratibu. Shuka chini moja kwa moja, chini, chini. Unaona nini?"

"Kucha. Kubwa kama vikombe."

"Hapo ni mguu wa mbele. Sasa panda, gia ndogo, ni mlima mrefu. Panda. Una makunyanzi kushoto na kulia?"

"Kama goti langu."

"Pita goti. Endelea juu. Sasa kuna kitu kinapepea mbele yako, usikigonge."

"Sikio! Limechanika pembeni."

"Kata kulia, polepole. Utapita bonde dogo. Teremka. Hapo pana kona nyeupe."

"Pembe." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na nyingine?"

"Nyingine hana, imevunjika. Rudi nyuma ulikotoka. Panda kidogo. Kidogo tena. Simama hapo. Vuta breki."

Nilijua amefika, kwa sababu kichwa chake, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kinatafutatafuta, kilitulia tuli. Tembo naye alikuwa ameacha kunywa. Jicho lake dogo, lina kope ndefu, na mstari wa machozi umechora weusi shavuni. Wakatazamana, yeye na Bi Mwanahamisi.

Nikangoja yale maneno. Nilikuwa nimeyasikia njia nzima kutoka Mabokweni: mahindi, madebe, ada ya shule, alikuwa ameyapanga kama wakili. Zuhura alikuwa anangoja. Nadhani hata tembo alikuwa anangoja.

Bi Mwanahamisi akasogeza mtandio vizuri, akasema kwa sauti ya chini:

"Hujambo? Habari za huku? Watoto hawajambo?"

Tembo akapepea masikio. "Na ile pembe ilikuwaje, uliumia?" akauliza. "Pole. Na maji mnapata?" Na alipokuwa anavuta pumzi ili sasa aingie kwenye haja, tembo akashusha mkonga, akageuka, akapandisha korongo upande wa pili bila haraka, kichuguu chenye mkia, mpaka majani yakamfunika.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka, bi mkubwa."

Zuhura alikuwa analia na kucheka. "Mama! Mahindi je? Mbona hukumwambia?"

"We mtoto, ningeanzaje kumgombeza mtu sijamjulia hali?"

Tukarudi Maramba, akashuka kwenye gari kama alivyoahidi, akamweleza muuza chai kuanzia kucha mpaka kope.

Sasa haoni kabisa. Mimi magoti, yeye macho, kwa hiyo tunafaana. Ijumaa jioni napanda bajaji mpaka Raskazone, nakaa naye kibarazani, kahawa inakuja, na kikombe cha kwanza kikishuka ananiambia, "Haya Bakari, niendeshe." Naanza na kucha. Napanda goti, gia ndogo. Napita sikio lililochanika, nakata kwenye pembe, narudi, napanda kidogo, nasimama. Navuta breki.

"Umefika, bi mkubwa. Hapa haendi popote, mseme utakavyo."

Anasogeza mtandio. Anakohoa kidogo, kama mtu mwenye kesi nzito.

"Hujambo?" anaanza. "Habari za huku?"

Na mpaka leo, wanangu, hatujafika kwenye mahindi.